Mama Pazia na Jaribio la Kivukoni

"Hivi wewe mama, kupapasa wanawake wenzako kutwa nzima, huoni haya?"

Jirani yake alimuuliza hivyo siku moja wakianua nguo kwenye kamba. Hakuuliza kwa ubaya. Ni mwanamke ambaye neno likimfika mdomoni halina breki. Mama Pazia alicheka, akamjibu, "Haya zangu zilikwisha wiki ya kwanza. Siku hizi nikikutana na mtu sokoni, namtazama kiuno kabla ya uso."

Jina hilo alipewa na abiria. Kazi yake ilikuwa kukagua wanawake wanaopanda kivuko, na mahali pake pa kazi palikuwa kichumba cha mbao pembeni ya lango, cha kuenea watu wawili wakibanana, mlangoni pazia la bluu lililopauka. Wanaume walipapaswa nje, mbele za watu. Wanawake waliingia kwake mmoja mmoja. Hakuanza na mkono. Alianza na salamu, kisha, "Fungua mwenyewe, mama, mimi nitazame tu." Kila asubuhi kabla ya zamu alilishika lile pazia akasali kimya, Mungu amjalie asimvunjie mtu heshima, na asipitishe kitu cha kuua watu. Dua zote mbili alizisema kwa pumzi moja, wala hakuwahi kufikiri kwamba zinaweza kugombana.

Tena palikuwa na utaratibu mwingine, ambao haukuandikwa popote lakini wanawake wote wa pale waliujua. Mtoto aliyelala mgongoni hafunguliwi mbeleko. Pale kuna honi, kuna injini, kuna watu wanaogombea viti. Mtoto akishtuka ni kilio mpaka ng'ambo. Utaratibu huo ulianzia kwa Mama Pazia mwenyewe. Aliuonea fahari, hata nyumbani akausimulia.

Ikatokea kwamba kwenye kivuko cha mbali, siyo chao, mtu alipanda na petroli ndani ya furushi, moto ukawaka katikati ya maji. Waliopona walikuwa wachache. Msimamizi wa kivuko chao, mtu mpole anayekohoa kabla ya kila neno, akaleta mtaalamu wa usalama, wakakusanywa wafanyakazi wote kwenye chumba cha tiketi.

"Tutapima kila kinga," mtaalamu alisema. "Mbwa, mashine, na ukaguzi wa mikono. Tutapenyeza kitu bandia. Kinga itakayopitwa tunaiondoa. Hamtaambiwa siku, wala atakayekibeba."

"Na pazia?" Mama Pazia aliuliza.

"Pazia ndiyo hiyo mikono, mama."

Hapo akajua kwamba yeye na kichumba chake wako kwenye mizani. Akapiga moyo konde.

Alianza mbwa. Alinusa foleni vizuri tu mpaka alipomfikia mchuuzi wa samaki wakavu. Akajilaza miguuni pake, akakataa kuinuka. "Mwacheni, huyo ameshapata mchumba," abiria mmoja alisema, watu wakaangua kicheko. Mbwa akarudishwa alikotoka. Mashine ilikiona kitu bandia kilichokuwa sandukuni, lakini kilichofungwa mwilini kikapita kama hewa. Mama Pazia yeye alimkamata mwanamke aliyekificha ndani ya kilemba, na wenzake wakampigia makofi. Roho ikatulia kidogo. Alidhani jaribio lake ndilo hilo, limekwisha.

Asubuhi moja foleni imefika barabarani, pazia likasogezwa, akaingia wifi yake. Huyu ni dada wa mumewe, mpika chai katika ofisi ya msimamizi. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake, amelala, shavu limebonyea kwenye mbeleko.

"Umependeza wifi, unakwenda kuposwa?"

"Niposwe na nani, meno yenyewe nimebakiza ya kuchekea. Namrudisha huyu kwa mama yake. Usiku kucha homa, ndiyo kwanza anafumba macho."

Mama Pazia alitazama mkoba, akapapasa mifuko na kiuno. Mkono ulipofika chini ya mbeleko ukasita. Badala ya kushuka ukapanda, ukamgusa mtoto kipaji cha uso. Kilikuwa cha baridi. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba homa imeshuka.

"Haya pita, mama. Kaa upande wa kivuli."

Wifi alipita bila kumtazama.

Hazikupita dakika nyingi akaitwa. Ng'ambo ya lango walisimama mtaalamu na msimamizi, mbeleko imefunguliwa, mtoto analia kwa nguvu. Mkononi mwa mtaalamu palikuwa na kipande cha mbao chenye rangi nyekundu, ukubwa wa tofali, ambacho mtoto alikuwa amekikalia.

"Mama," mtaalamu alisema, "hiki kingekuwa petroli." Hakupandisha sauti.

Mama Pazia akakitazama kile kipande mpaka macho yakamuuma. Angeonewa, angelia, akapoa. Lakini hakuonewa. Kivuko kizima kingeungua kwa sababu yake, na wa kwanza angekuwa mtoto yule.

"Habari ya watoto mliijuaje?" aliuliza.

Msimamizi akakohoa. Wifi alikuwa ameinama, anahangaika na mbeleko ambayo ilikwisha kufungwa.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata. Kichumba kikavunjwa, pazia likaishia kufutia injini. Ikaletwa mashine kubwa ya mizigo na fremu mbili za watu kupitia, na foleni zikawa mbili. Kengele ya fremu ikimlilia mwanamke, anapapaswa pale pale, watu wakitazama. Na kila mtoto ashushwe mgongoni, awe macho, awe amelala. Mama Pazia hakufukuzwa. Msimamizi alimwonea huruma, akampa kazi hiyo ya kushusha watoto kwenye foleni ya kushoto. "Wewe unawajua watoto, mama," alimwambia, naye aliona kwamba amemtendea wema.

Basi sasa ndiye anayewaamsha. Anawaambia pole, wanamlilia usoni. Akina mama waliozoea kumletea salamu wanamsonya. "Na wewe mama? Kumbe una roho hiyo?" mmoja alimwambia. Anafungua kila mbeleko mpaka fundo la mwisho, kwa kumwogopa Mungu na kuuogopa moto, na midomo yake, iliyokuwa na dua mbili, siku hizi inasema moja.

Jioni moja wifi alikuja nyumbani. Mume alikuwepo, amekaa katikati yao kama mwamuzi asiyeutaka mchezo.

"Waliniambia ni zoezi tu, wifi. Ningekataa, wangesema tumekula njama."

"Najua."

"Waliniuliza kama kuna mahali unalegeza. Nikasema ninachokijua. Ulikisimulia mwenyewe, humu humu ndani, huku unacheka."

"Hilo nalo najua."

"Basi yaishe," mume alisema. "Ninyi ni watu wa nyumba moja."

Kusamehe alikwisha samehe. Alimwambia Mungu hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi ilimbidi aseme upya.

"Mtoto hakuwa na homa," Mama Pazia alisema.

Wifi akatazama sakafu. "Hakuwa nayo."

Nje jirani alikuwa akimwaga maji, na walimsikia mpaka alipomaliza.

"Sasa nikufanyie nini, wifi yangu? Sema tu, nitafanya."

Mama Pazia alikunja mikono mapajani, ile mikono iliyozoea kukagua.

"Naomba ukija kivukoni, upange foleni ile nyingine."