Mwali wa Kijani Buchani

Dada yangu ni fundi wa majokofu, na mtaani wanamwita Kijani. Jina lilitokana na taa yake: mtungi mdogo wa gesi, kibamba cha shaba juu yake, na mpira mrefu wa kunusia. Ukiiwasha, mwali huwa buluu. Mpira ukivuta gesi ya majokofu ya zamani, ile yenye klorini, klorini hukutana na shaba iliyoiva na mwali hugeuka kijani. Mafundi wengine hupaka povu la sabuni kwenye mabomba. Dada husema povu ni la kuogea.

Asubuhi moja aliitwa na wifi yake, dada wa mumewe, mwenye bucha. Chumba chake cha baridi kilikuwa kinapata joto, na ndani ilining'inia nyama ya ng'ombe mzima aliyenunuliwa jana yake. Nikaenda kumsaidia dada kubeba vyombo.

"Jioni ikifika hivi, nimekwisha," alisema wifi. "Nawe unaniletea kibatari!"

"Kibatari hiki kina pua, wifi. Ngoja uone."

Dada alifungua milango yote, maana mwali ukigeuka kijani moshi wake si wa kuvuta. Akawasha. Hajagusa hata bomba, mwali ukawa kijani kibichi!

"Mungu wangu, gesi yote imemwagika!" Wifi alishika kichwa.

Dada akajaribu kiungo kimoja cha bomba: kijani. Kingine: kijani. Akaelekeza mpira kwenye ukuta mtupu usio na bomba. Kijani vilevile.

"Ukuta nao unavuja?" nikauliza.

"Kaka, hii siyo gesi yetu." Akasogea na mpira wake mpaka kwenye dirisha dogo, na mwali ukakolea. Ng'ambo ya dirisha alikuwa dobi wa suti, pipa la dawa yake ya kufulia bila maji likiwa wazi.

"Dobi! Dawa yako ina klorini?"

"Mimi nafua tu, mama, sijaisomea!"

"Basi taa yangu imeisoma. Funika pipa!"

Tukapepea kwa maboksi, wifi akipepea kuliko sote, mpaka mwali ukarudi buluu. Dada akaanza upya, kiungo baada ya kiungo. Buluu. Buluu. Nyuma ya mota, chini kabisa, mwalini ukachomoza uzi mwembamba wa kijani.

"Nimekukamata!" Dada alipiga kelele kama aliyefunga bao.

Akaitoa gesi iliyobaki, akachomelea kiungo, akajaza upya. Mota ikanguruma, na kabla ya jioni mabomba yalikuwa yameota barafu. Alipotaka kupima mara ya mwisho, wifi alimpokonya mpira.

"Nipe mimi, nyama ni yangu!" Akapiga magoti nyuma ya mota na aproni yake yote, akausogeza mpira kwenye kiungo, kisha akapaza sauti hadi kwa dobi: "Buluu! Jamani, buluu!"

Hakuurudisha mpira mpaka alipoipima pia friji yake ya soda.