Mashine ya Injinia Niliyoifukiza Udi

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na leo nawaomba msinicheke kabla sijamaliza. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Dunda, bado niko kwenye majaribio, na Bwana Shomari, mkubwa wangu, alikuwa anatafuta sababu tu ya kunitoa. Akaja injinia kutoka Dar na mashine ya kupigia hesabu, nyembamba kama kisahani, namba zake haziwaki taa bali zinajitokeza nyeusi kwenye kioo bapa, akatuambia iko siku kompyuta nzima itakuwa na kioo kama hicho, mtu aibebe kwapani (tukamwitikia tu kwa adabu). Saa saba wakaenda kula, akaniachia niitunze.

Nami ndiyo kwanza nimetoka kula papa kwa mkono! Nikabonyeza namba mbili tatu (nani asingebonyeza?), mashine ikanuka shombo. Nikaona fedheha kumrudishia mgeni kitu kinachonuka, nikakimbia nayo nyumbani, hatua chache tu, nikailaza juu ya tenge tunalofukizia nguo, chini yake chetezo cha udi kinafuka. Kuja kutazama, kioo cheusi tii, namba hata moja haionekani.

Yallah!

"Mama, nimeichoma mashine ya watu!"

"Basi kaseme mwenyewe, mwanangu, kabla hawajakuuliza," mama akanijibu.

Nikaifunga kwenye kanga, nikarudi mbio huku nasoma kila dua ninayoijua, na nyingine nazichanganya. Nikawakuta wote wameketi wananingoja. Bwana Shomari hajafungua mdomo, mimi chini, nalia, nimeichoma, nisameheni, na kwa hofu ile ulimi ukakataa kusimama: nikaungama kwamba huwa natoroka kabla ya saa nikapike, na kwamba kadi za harusi ya dada yangu nilizichapa kwa karatasi za ofisi, zote.

Injinia akafungua kanga. Namba zile pale, safi, na chumba kizima kinanukia udi.

"Mbona nzima?" akasema. "Kioo hiki kina majimaji ndani, binti. Kikipata joto hugeuka cheusi, kikipoa kinarudi chenyewe."

Wakacheka wote, isipokuwa Bwana Shomari.

"Kadi ngapi?" akaniuliza.

Majaribio yangu yakaongezwa miezi sita. Tangu siku hiyo, nikidhani nimeharibu kitu cha watu, kwanza nakiangalia vizuri, ndipo nifungue mdomo.