Mchwa wa kwenye mparachichi na mchwa waliokuwa juu ya kitanda cha mama

Wakuu, salamu kutoka Rusizi, Rwanda. Haya yametokea nyumbani kwetu Mururu, na sijaongeza chumvi hata kidogo.

Mama yangu mgongo umemlaza. Hata kugeuka kitandani anasaidiwa. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ukuta wa udongo, juu vigae vizito.

Mchana mmoja, mvua imetoka kukatika, akaniita.

"Papa, sikia. Kuko kitu inagonga mu ukuta."

(Kwetu mama humwita mwanawe wa kiume Papa, msishangae.)

Nikatega sikio. Tk-tk-tk-tk. Kimya. Nikaupiga ukuta kofi.

Tk-tk-tk-tk-tk! Safari hii kwa nguvu, kutoka pande zote za chumba.

Nywele zilinisimama wakuu.

Dada yangu Furaha, aliyekuja kutusalimia kutoka Giheke, akasema huo ni uchawi, akaanza kusali kwa sauti. Mdogo wangu Innocent akatoka mbio, akarudi anahema.

"Ni muchwa! Beko ku muti!"

Kweli, kwenye mparachichi unaogusa paa kulikuwa na pumba jeusi la kiota, kubwa kama beseni. Innocent tayari alikuwa na kidumu cha petroli mkononi.

Sasa mimi niliwahi kuwabebea mizigo watafiti wa wadudu kule msitu wa Nyungwe. Kitu nilichokishika kwao: usihangaike na mchwa vibarua, wale weupe wanafanana sana. Tafuta askari, mwangalie kichwa.

Nikalitoboa lile pumba kwa kijiti. Askari wakamiminika, wadogo kuliko punje ya mchele, kichwa cheusi chenye pua ndefu iliyochongoka kama sindano. Taya huzioni. Mmoja akanirushia utomvu unaonata kama gundi.

Hao nawajua, ni wa msituni, wanajenga juu ya miti. Lakini sijawahi kuwasikia wakigonga vile.

"Innocent, weka petroli chini. Si hawa."

"Sasa ni nani?"

Nikarudi ndani, nikachokonoa ukuta kwa kisu. Udongo ukamomonyoka, askari akatoka.

Alikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko wale wa nje. Kichwa kipana cha rangi ya kahawia nyekundu, taya mbili zimepinda kama mundu. Akaning'ata kidole, damu ikatoka, na hakuachia hata nilipokung'uta mkono.

Hawa kiota chao kiko ardhini. Wanapanda ndani ya ukuta hadi kwenye mbao. Ukiwashtua, askari wanagongesha vichwa kupeana habari.

Nikainua macho. Boriti ilikuwa juu ya mama kabisa.

Nikaigusa kwa kisu. Kikazama hadi kwenye mpini, kama nachoma ndizi mbivu.

"Maman, tunatoka. Sasa hivi."

"Siende inje! Nilikimbia vita ku Congo, leo nikimbie mududu?"

Hatukubishana naye. Tukamnyanyua na godoro lake, mimi kichwani, Innocent miguuni, Furaha akishika ubavu. Vumbi lilikuwa linamwagikia usoni kwake. Mlango ulikuwa mwembamba, godoro likakwama. Nikasikia mbao zinalia juu yangu, nikavuta kama mwendawazimu.

Tulipofika tu uani, boriti ikakatika. Vigae vyote vikashuka juu ya kitanda.

Mama alinishika shati, akalia. Sijawahi kumwona analia.

Nilichojifunza wakuu: ukiona mchwa nje, usiamini moja kwa moja kuwa ndio walioko ndani. Tungekuwa tunachoma mparachichi huku mama yuko chini ya vigae.

Sasa yuko Giheke kwa Furaha, anauliza kila asubuhi lini anarudi kwake.

Wenye uzoefu, kiota kikiwa chini ya nyumba mnakiondoaje? Na mnajuaje kwamba wameisha? Niandikieni hapa, maana chumba kile bado naogopa kukanyaga.