Mama na Serikali Mlangoni

Juzi, nikipita nyumba kwa nyumba huko mjini Eagan, huku ughaibuni, kuomba kura, niliona pazia likitikisika, lakini hakuna aliyefungua. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu mtaa wa Frogtown, jikoni kukinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mwanamke mmoja mgombea alibisha hodi. Baba akanong'ona, "Ni serikali. Nyamazeni," kisha akajificha chumbani.

Nilidhani serikali ni mtu, na kwamba ametufuata kutoka Kongo.

Mama alifuta mikono, akafungua mlango. Nilitafsiri: mgeni alitaka kura.

"Mwambie sisi si raia bado, kura hatuna," Mama alisema. "Ila taa ya barabarani imezimika. Aishughulikie."

Mgeni alipoondoka, Baba alitoka chumbani.

"Umeipa serikali kazi?"

"Si ndiyo kazi yake?" Mama alijibu, akarudi jikoni.