Fulana za Arobaini ya Bibi

Mkinicheka mnicheke, lakini mimi ndiye niliyeuvalisha ukoo mzima, hapa Mtua, fulana za marehemu ambaye hajafa.

Ilikuwa arobaini ya bibi, mama yake mama, na mjomba akanikabidhi kazi moja tu, nikachapishe picha yake kwenye fulana na bango kule Ruangwa mjini, maana bibi alitulea wote na mjomba alitaka mama yake aagwe kwa heshima. Picha yenyewe ilikuwa moja, ya zamani, wanakwaya wamejipanga na sare zao, wote wasichana, wote wembamba. Mjomba akasema, "Muulize babu akuonyeshe ni yupi." Nikaona nitamtonesha kidonda mzee wa watu (na kusema kweli bodaboda ilikuwa inanisubiri), nikamchagua mwenyewe yule mwenye paji pana kama la mama. Sasa bibi alikuwa na chale za Kimakua mashavuni na huyu mashavu laini kabisa, nikajiambia picha imechakaa, nikamwambia fundi wa kompyuta aziongeze. Akaziongeza vizuri mno.

Siku ikafika, fulana zikagawiwa, na kila mtu akamtambua. Mama mkubwa akalikumbatia bango akilia, "Macho ndiyo haya haya ya mama yangu." Majirani wakasema pua nimerithi kwake, nami nikakubali, nikawa natembea kifua mbele.

Mchana akashuka kwenye bodaboda Bibi Felista, mwenzake marehemu tangu enzi za kwaya, katoka Mbwemkuru kuja kutoa pole. Akasimama mbele ya bango, akavaa miwani, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu.

"Mjukuu wangu, mimi nimekufa lini?"

Nikadhani ni uzee. Akajipapasa mashavu.

"Na hizi chale? Mama yangu alikataa nisichanjwe, nyie mmenichanja lini?"

Hata wapishi waliacha kukoroga. Mama mkubwa akaliachia bango taratibu, watu wakaanza kutazamana vifuani, na mjomba akaniita kwa jina la ubatizo, akaniambia nimemdhalilisha mama yake mbele ya watu.

Aliyeniokoa ni babu, naye kavaa fulana yake. "Mwache. Kwamba huyu kwenye fulana ni Felista, nimemwona tangu asubuhi."

"Sasa baba, mbona hukusema?" mjomba akauliza.

"Mlikuwa mnalia vizuri. Halafu huyu alinikataa ujanani, nikasema acha leo nitembee naye kifuani."

Bibi Felista alicheka mpaka akatafutiwa kiti. Babu akaomba ile picha ya kwaya, akagusa msichana wa mwisho kabisa, yule aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Mke wangu huyu. Mpiga picha aliwakataza kucheka."

Jamani, bibi alicheka hivyo hivyo maisha yake yote, mkono mdomoni, nimekula ugali wake nikiuona mkono ule kila siku, na nilimruka kwa sababu eti uso hauonekani. Hapo ndipo nikalia, na nilikuwa sijalia tangu tumzike. Siku hizi ukiniletea picha ya zamani sikuambii huyu ni nani, nakupeleka kwa babu, hata kama aliyemo ni mimi.