Kamba Niliyomfungia Mbwa Wangu

Siku tuliyomzika shemeji yangu hapa Karungu, nilifanya kosa la kijinga. Nilimfunga mbwa wangu kwa kamba kwenye nguzo ya ghala, nikidhani nimemzuia asitoroke. Wanaume walikuwa wanarudi na ng'ombe, filimbi na ngoma, wakifukuza kifo bomani kama desturi yetu ya tero buru inavyotaka. Kelele zilipofika langoni, mbwa aliruka, kamba ikamkaba shingo, ulimi ukatoka nje.

Mimi, nyanya wa wajukuu tisa, nikatimua mbio na kisu cha samaki.

“Mama, rudi ukae na mjane!” mke wa mwanangu akafoka. “Watu watasema umeacha matanga kwa sababu ya mbwa!”

“Waseme! Wewe shika kichwa chake asiniume.”

Nilikata kamba, nikamburuta hadi chumbani, nikafunga dirisha na kuwasha redio. Sikumgombeza. Nilimwacha ajikunje chini ya kitanda, nami nikakaa sakafuni, mgongo wake ukitetemeka kwenye mguu wangu. Ngoma zilizunguka nyumba. Wazee waliniita mara mbili. Sikutoka mpaka mbwa alipokunywa maji.