Kipande cha Ndala Chini ya Kiti

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu, niliingia darasani nikakuta meza yangu haina kiti. Nilikuwa kidato cha pili. Shuleni kwetu kila mwanafunzi alikuja na kiti chake, na akikipoteza alisimama nje mpaka alete kingine. Nilimweleza mwalimu wa zamu kwamba changu kimeibwa. Akasema viti vyote anavyoviona vina wenyewe.

"Asiye na kiti hana darasa," akamaliza.

Baba alikuwa anasukuma mkokoteni Kariakoo. Kiti kile alikinunua kwa fundi wa Gerezani, akakileta hadi Magomeni kikiwa peke yake juu ya mkokoteni, kama abiria. Mwaka ule maduka yalishaanza kujaa redio na viatu vya nje, lakini hela ya kiti cha pili nyumbani haikupatikana. Wiki tatu nilisimama dirishani, nikiandika daftari likiwa ukutani. Ya nne sikwenda.

Hesabu na Kiingereza nilijifundisha baadaye, kwa vitabu vikuukuu vilivyopangwa chini pembeni mwa mitaa ya Kariakoo. Nilikuwa nimeshafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli nilipoanza kwenda intaneti kafe, na huko nikakuta jukwaa wanapozungumza waliosoma shule yetu. Nikauliza nani alichukua kiti changu. Nilitaja mwaka, darasa na rangi. Jambo moja nililiacha makusudi, ili nimjue atakayesema kweli.

Walinicheka. Mmoja alinishauri nikafungue jalada polisi, niende na fundi awe shahidi. Mwingine akaandika, "Mkuu, hicho kiti kishakuwa kuni, wali umeliwa, na walaji wamestaafu." Nami nilicheka kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilikuta ujumbe wa mwanamke, anayetumia jina la bandia kama sisi wote.

"Chini kilikuwa na kipande cha ndala ya bluu, kimefunika msumari. Changu kiliibwa Ijumaa, nikachukua chako. Nilikuwa nakuona pale dirishani."

Kipande kile nilikikata mwenyewe, kwa wembe, msumari usinichanie kaptula. Miaka yote nilikuwa nimemwekea mtu huyu maneno makali. Sikuyaandika. Niliona nina swali moja tu la kumuuliza, na nililiandika polepole nisikosee:

"Dada, wiki ile ya nne, mwalimu wa hesabu alifundisha nini?"

Jumamosi nyingine nilirudi kutafuta jibu, na nyingine tena. Mhudumu akazoea kuniwashia kompyuta ya pembeni bila kuniuliza. Nilisoma upya mistari yake, nikaangalia chini yake, nikasubiri mpaka muda ukaisha. Nilikwenda mara kumi na moja baada ya swali lile, nusu saa kila mara, kwa shilingi mia tano. Jumla, shilingi elfu tano na mia tano.